Mgonjwa Asitozwe Faini kwa Ugonjwa Wake

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ipo hoja moja isiyokwisha kurudiwa barazani, ndani ya mabasi na hata maofisini. Hoja yenyewe ni kwamba mtu anayeuharibu mwili wake kwa mikono yake mwenyewe, yaani mvuta sigara, mlevi na mlafi, atozwe mchango mkubwa zaidi wa matibabu kuliko jirani yake aliyejitunza. Wanaoitoa hoja hii si watu wenye roho mbaya. Wengi wao ni wakulima na wafanyakazi wanaotoa michango yao kwa uaminifu, na wanachouliza ni hiki: kwa nini jasho langu likatibu mapafu ambayo mwenyewe ameyachoma?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Sisi tunaoishi katika mkoa wa Tabora tunawajibika kulijibu kabla ya wengine, kwa kuwa mambo mawili yanayogombana ndani yake, bima na tumbaku, yote yana mizizi katika ardhi yetu.

Tuanze na bima. Itakumbukwa kwamba baada ya Serikali kuanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, kwa kuanzia na hospitali kubwa, ilionekana dhahiri kwamba mwanakijiji asiye na mshahara angeshindwa kumudu malipo ya papo kwa papo. Ndipo ukaanzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, na wilaya ya kwanza kuujaribu nchini kote, mwaka 1996, ilikuwa Igunga. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka na kupewa kadi. Asiyejiunga alilipa dirishani kila alipougua. Mwaka 2001 ilitungwa sheria ya kuueneza mfuko huo, na ulipofanyiwa maboresho mwaka 2018 mchango katika mikoa mingi ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa hiyo Igunga walijadili habari ya nani alipe nini miaka mingi kabla ya wakubwa wa Dodoma kuiwekea sheria.

Na jambo ambalo wazee wa Igunga hawakulifanya ni kuuliza nani katika kaya anavuta, nani anakunywa na nani ana tumbo kubwa. Walihesabu vichwa. Watumishi wa umma nao, walipoanzishiwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliofanya kazi tangu mwaka 2001, walipangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri. Mwalimu mwenye kisukari na mwalimu anayekimbia kila alfajiri wakikatwa kwa kipimo kimoja, kipimo cha pato. Hatusemi kwamba mifuko hiyo haikuwa na dosari. Mfuko wa jamii ulisumbuliwa mno na watu waliojiunga wanapoumwa na kujitoa wanapopona, na dawa zilipokosekana zahanatini wengi walikataa kulipia tena kadi, wala hatuwezi kuwalaumu. Lakini msingi ulikuwa sahihi.

Sasa tutazame nyongeza inayopendekezwa ingemwangukia nani. Tuchukue mchango ule wa shilingi 30,000, na tuseme kaya yenye mvutaji iongezewe nusu, ifike 45,000. Katika kaya hiyo baba anavuta. Mama havuti, bibi havuti, watoto watatu hawavuti. Kadi ni moja. Mama akienda kwa mwenyekiti wa kijiji na shilingi 30,000 alizozipata kwa kuuza karanga, ataambiwa hazitoshi kwa sababu ya sigara ambayo yeye hakuinunua, na ambayo huenda amegombana na mumewe kwa ajili yake kwa miaka kumi. Atakwenda wapi? Atarudi nyumbani bila kadi, na mtoto akipata malaria mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika, atapelekwa zahanati amechelewa. Bima yetu ni ya kaya. Nani aliyewahi kutoza kaya faini bila faini hiyo kuwafikia watoto?

Halafu iko shida ya ushahidi. Nani atathibitisha kwamba mtu anavuta? Karani wa dirishani? Mganga wa zahanati? Mganga akishajua kwamba jibu la mgonjwa litaongeza malipo, na mgonjwa akajua kwamba mganga anajua, ukweli utakuwa umetoka nje ya chumba kile. Mtu mwenye kikohozi cha majuma matatu ndiye tunayemtaka aje mapema na aseme yote, kwa sababu kifua kikuu kinamwambukiza jirani. Tukimfanya aogope kusema kwamba anavuta, ataogopa pia kuja.

Tufike sasa kwenye tumbaku yenyewe, ambayo ni vigumu kuizungumza Tabora bila kumgusa mtu. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizofyekwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zilishindwa kwa aibu kubwa. Katika miaka ya 1950 mashamba ya Urambo yaligeuzwa kuwa ya tumbaku, na tangu hapo zao hilo limeenea Kaliua, Sikonge na Uyui. Shule zimejengwa kwa tumbaku. Nyumba za bati zimeezekwa kwa tumbaku. Mahari zimelipwa kwa tumbaku. Chama cha msingi hukusanya marobota, kampuni hununua kwa dola, na halmashauri huchukua ushuru wake wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu mwaka 2017. Taifa hupata fedha za kigeni, na sigara inapouzwa nchini, Hazina hupata ushuru wa bidhaa.

Kwa hiyo jani lile lile limekwisha kulipa mara nyingi kabla halijafika mdomoni mwa mvutaji. Kila mmoja katika mnyororo ule amepata chake: mnunuzi, mwenye kiwanda, halmashauri, Hazina, na mkulima kidogo. Mtu mmoja tu hakupata kitu ila kikohozi. Na huyo ndiye tunayetaka kumwekea malipo ya ziada mlangoni mwa hospitali! Kama ni kuulizana nani alichangia ugonjwa huu, orodha itakuwa ndefu, na jina la mkoa wetu litakuwa juu.

Tena kuna moshi wa aina nyingi. Mkulima wa tumbaku hukesha karibu na bani akichochea kuni ili majani yakauke vizuri na yapate daraja la juu. Mchumaji anayeingia shambani alfajiri, majani yakiwa na umande, hunyonya nikotini kwa ngozi yake, akapatwa na kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na hajawahi kuwasha sigara hata moja. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi kila siku ya maisha yake. Wote hao wakifika Kitete wakiwa wanakohoa, daktari ataliona pafu lililoharibika. Je, sheria itamwita nani mkosaji? Huenda mtu atajibu kwamba mchumaji na mpishi hawakuchagua. Ni kweli. Lakini tunauliza pia ni uchaguzi wa namna gani alioufanya kijana aliyezaliwa kati ya mabani, akaokota vipande vya majani tangu utotoni, na akanunua sigara moja moja kwenye kibanda kilicho hatua chache kutoka shuleni, ingawa sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto.

Hali ni hiyo hiyo kwa magonjwa mengine yanayoitwa ya kujitakia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la damu. Robo ya watu wazima si kundi la wakorofi wachache. Mle ndani wamo dereva wa lori anayeketi usukanini kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kula chipsi na soda kwa kuwa ndicho kilichopo kituoni, mwanamke aliyepata shinikizo la damu akiwa mjamzito, na mtu aliyerithi kisukari kwa mama yake. Wamo pia walevi, hatukatai. Asali ya Tabora inayosifiwa kote hugeuzwa wanzuki mwingi, na gongo hupikwa vichakani pamoja na sheria zote. Tumewaona vijana waliomalizwa na gongo. Hatuna huruma na biashara hiyo.

Mkoa wetu una kumbukumbu yake ya zamani kuhusu suala hili la nani abebe mgonjwa. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilijengwa kwa mabega ya wapagazi, na waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30 za pembe au nguo. Misafara ilileta shanga na vitambaa, na ilileta ndui pia. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vimejaa habari za wapagazi walioshikwa na ugonjwa wakaachwa njiani, maana kwa mwenye msafara mpagazi asiyeweza kutembea alikuwa hasara, na chakula cha mgonjwa kilikuwa chakula kilichopotea. Hesabu ile ilikuwa nyepesi sana. Mwenye afya alikuwa mali, mgonjwa alikuwa gharama.

Lakini njia hiyo hiyo ilishuhudia jambo jingine. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita nao hapa Unyanyembe, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Msafara ulipoamua kubeba, ulibeba, tena mtu aliyekwisha kufa, kwa muda wa miezi tisa. Haikuwa nguvu zilizokosekana pale mpagazi wa kawaida alipoachwa chini ya mti. Waliokuwa na fedha waliamua hivyo.

Tunayakumbusha haya kwa sababu hoja ya mvutaji kulipa zaidi imebeba hesabu ile ya mwenye msafara. Leo ni mvutaji. Tukikubali kwamba bima imwongezee mtu malipo kwa kuwa ugonjwa wake una sababu inayojulikana, hatutakuwa na mahali pa kusimama. Kesho atatajwa mnene, kesho kutwa mama mwenye watoto wanane, kisha dereva wa bodaboda, kisha mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nzega ambaye kila anaposhuka shimoni anajua hatari yake.

Nchi hii ilikwisha kupita katika mtihani huo mara moja. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980, wengi walisema waziwazi kwamba wagonjwa wamejitakia. Maneno hayo yalisemwa misikitini, makanisani na vilabuni. Hata hivyo, mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na Serikali, zilitolewa bila malipo, na hakuna aliyeulizwa aliambukizwaje. Laiti mgonjwa angetozwa kwa makosa yake ya kudhaniwa, wangapi wangejificha majumbani hadi kufa, na wangewaambukiza wangapi kabla ya kufa?

Wako watakaosema kwamba nchi zilizoendelea hufanya hivyo. Baadhi yake, ndiyo. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 2010, makampuni ya bima yaliruhusiwa kuanzia mwaka 2014 kumtoza mvutaji hadi nusu zaidi ya anavyotozwa asiyevuta. Majimbo kadhaa, California na New York yakiwemo, yalikataa kuifuata ruhusa hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wavutaji waliotozwa nyongeza kubwa walijiunga na bima kwa uchache kuliko wengine, wala hawakuonekana kuacha sigara kwa wingi zaidi. Yaani walibaki na sigara zao, wakakosa bima. Kama hayo ndiyo matokeo katika nchi tajiri yenye kumbukumbu za kila raia, tunadhani yatakuwaje Kaliua?

Je, basi mvutaji na mlevi wasilipe chochote? La hasha. Walipe, na walipe hasa, ila walipe kibandani wanaponunua, wakiwa bado na nguvu. Ushuru uliomo ndani ya bei ya sigara hauhitaji ungamo wala karani. Humgusa anayevuta paketi mbili mara mbili zaidi ya anayevuta moja. Haumgusi mke wake anapompeleka mtoto zahanati, japokuwa tunakiri kwamba fedha ya sigara hutoka katika mfuko ule ule wa nyumba. Na humzuia kijana asiyeanza bado, jambo ambalo bili ya hospitali ya miaka thelathini baadaye haiwezi kulifanya. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba kodi zote zifikie angalau robo tatu ya bei ya sigara dukani. Sisi bado tuko mbali na hapo, ingawa tuliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007.

Mifano ipo. Ufilipino walitunga sheria mwaka 2012 ya kupandisha ushuru wa sigara na pombe, na sehemu kubwa ya mapato hayo ikawekwa katika bima ya afya ya watu maskini. Thailand, tangu mwaka 2001, huongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa sigara na pombe kwa ajili ya mfuko wa kuhimiza afya. Uingereza ilipotangaza ushuru wa vinywaji vyenye sukari, ulioanza mwaka 2018, viwanda vingi vilipunguza sukari kabla hata siku ya kwanza ya kutozwa. Sheria yetu ya mwaka 2023 nayo imeifungua njia hiyo, kwa kutaja sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Tunaunga mkono kipengele hicho kwa dhati, na tungependa kuona mapato yake yakitangazwa kila mwaka kwa tarakimu, ili mwananchi ajue shilingi iliyotoka kwenye chupa imefika kwenye kitanda gani.

Tunajua kwamba hapa baadhi ya wasomaji wetu watashtuka. Je, gazeti la Tabora linapigania ushuru mkubwa wa sigara na kumnyima mkulima wa Urambo riziki? Hapana. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania husafirishwa nje, na bei anayopata mkulima huamuliwa na wanunuzi wa kimataifa kuliko bei ya paketi inayouzwa Isevya au Ng'ambo. Kumwonea huruma mkulima kwa kuiacha sigara rahisi kwa mwanawe ni huruma ya ajabu. Kuhusu mkulima kuendelea kutegemea zao hili kwa miaka hamsini ijayo, hilo ni suala zito linalohitaji siku yake.

Wako pia wanaotuambia kwamba bila uchungu wa fedha mtu habadiliki. Tuwakumbushe mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa redio na vitabu vidogo vya kujisomea, vikundi vilikaa chini ya miembe kusikiliza na kujadili, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki nchini kote. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Hakuna aliyetozwa zaidi kwa kukosa choo. Walielezwa sababu, wakapangiana kazi, na balozi wa nyumba kumi akapita kuangalia. Kampeni za leo za bango moja barabarani na fulana kumi za viongozi hazifanani na kazi ile hata kidogo.

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, zinapopanga bajeti, zitenge sehemu inayojulikana ya ushuru wa tumbaku kwa ajili ya zahanati za vijiji vinavyoilima. Kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari kiwepo katika kila zahanati, tena chenye betri na vitendanishi, siyo cha kuonyeshwa mgeni rasmi. Vyama vya msingi vidai kwa makampuni glavu na nguo za kuchumia pamoja na mbolea na viuatilifu, kwani vyote hukatwa katika malipo ya mkulima huyo huyo. Wazazi na serikali za vijiji wavitazame vibanda vilivyo karibu na shule. Nao wabunge wa mkoa huu, kanuni za bima zitakapofikishwa tena mbele yao na mtu akasimama kupendekeza nyongeza kwa wavutaji, wamuulize kwanza tumbaku hiyo ililimwa wapi, na fedha zake ziko wapi.